Nuru Iliyokuwa Njiani

Soma Ayubu 38:1–7, 31–33, Hesabu 23:19, Yeremia 33:25, 26.

Mvuvi wa usipa katika Ziwa Nyasa hufanya kazi usiku wa giza, maana mbalamwezi huishinda taa yake na samaki hawakusanyiki. Ndiyo sababu watu wa Mbamba Bay na Liuli wanalijua anga kuliko wengi wakaao mijini. Kilimia wanakifahamu, nacho kimetajwa katika kitabu cha Ayubu pamoja na Orioni. Upande wa kusini, majira ya mvua, mawingu yanapoachana, huonekana pia madoa mawili meupe kama moshi usiosogea. Hayo ni galaksi mbili ndogo, kila moja ikiwa na nyota zisizohesabika, nazo huitwa Mawingu ya Magellan.

Tarehe 24 Februari 1987 mwanafalaki Ian Shelton, akiwa Las Campanas nchini Chile, aliona katika lile doa kubwa nyota ambayo usiku uliotangulia haikuonekana. Nyota kubwa ilikuwa imelipuka. Mlipuko wa namna hiyo huitwa supanova. Tangu mwaka 1604 haikuwa imeonekana supanova yenye kung'aa kiasi hicho. Kufikia mwezi Mei mtu yeyote aliyesimama ufukweni mwa Nyasa angeweza kuiona bila darubini, kama alijua pa kutazama.

Sasa, doa lile liko umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi. Aliye juu ya kilima cha Mbuji humwona mtu ng'ambo ya bonde akishusha shoka, na sauti humfikia baadaye. Nuru nayo husafiri, ingawa kwa kasi kubwa mno. Hapo ndipo kijana wa kidato cha nne anapoinua mkono katika darasa la Shule ya Sabato: "Shikamoo mwalimu. Kama uumbaji ni wa miaka elfu chache tu, nuru hiyo ilianza safari lini?"

Jibu la haraka lipo. Mungu alimwumba Adamu akiwa mtu mzima. Basi aliiumba nuru ikiwa tayari njiani. Linasikika kama jibu la imani, na walimu wengi hulipenda kwa kuwa linafunga mjadala kabla kengele haijalia. Lakini lipimwe vizuri. Adamu kuwa mtu mzima hakumdanganya mtu yeyote. Nuru ya mwaka 1987 ilileta habari. Saa chache kabla haijaonekana, mitambo iliyo chini ya ardhi huko Japani ilinasa chembe ziitwazo nyutrino, zilizotoka katika kiini cha nyota kilipoporomoka. Baadaye mng'ao ulififia kwa mwendo uleule ambao madini ya kobalti yenye mionzi hupungua katika maabara za hapa duniani, yaani nusu kwa kila siku 77. Ikiwa nuru hiyo iliumbwa njiani, basi nyota hiyo haikulipuka kamwe, wala haikuwako. Mungu angekuwa ameandika angani tangazo la msiba wa mtu ambaye hakuzaliwa. Hesabu 23:19 na Tito 1:2 haziruhusu wazo hilo. Hakuna haja ya kulitetea Neno kwa kumfanya Mwenye Neno kuwa mdanganyifu.

Wengine husema kwamba umbali huo ni wa kubahatisha. Sivyo. Nyota ile ilizungukwa na pete ya gesi, nayo pete ikaanza kung'aa miezi kadhaa baada ya mlipuko, nuru ilipoifikia. Kasi ya nuru inajulikana, hivyo muda uliopita ulionyesha upana halisi wa pete. Darubini nayo ikaonyesha jinsi ilivyoonekana ndogo. Mvuvi hufanya hesabu hiyo kila siku bila kalamu: anaujua urefu wa mtumbwi wa mwenzake, na kwa udogo wake machoni anajua uko mbali kiasi gani.

Kwa hiyo mwamini asimame wapi? Ayubu 38:4–7 inaonyesha kwamba misingi ya dunia ilipowekwa, walikuwako tayari waliopiga kelele za furaha. Mbingu zilikuwa na wakazi kabla ya juma la Mwanzo 1. Imani ya Msingi namba 6, kama ilivyorekebishwa San Antonio mwaka 2015, inataja kwanza kwamba Mungu aliumba ulimwengu wote, ndipo ikazungumzia siku sita za uumbaji wa karibuni. Wapo wanaosoma Mwanzo 1:16 na kuziweka nyota zote katika siku ya nne. Wapo wanaoona kwamba juma lile linahusu dunia hii na uhai uliomo. Ndugu hao huketi benchi moja, na inafaa waendelee kuketi.

Kuna jambo la pembeni lisiloleta ugomvi hata kidogo. Katika Orioni, chini ya nyota tatu za mkanda, lipo wingu la gesi ambamo nyota mpya zinafanyika. Nuru yake huchukua miaka 1,350 hivi kufika. Anayedhani Muumba aliweka zana chini asome Yohana 5:17.

Turudi kwa yule kijana. Mwakani huenda yuko chuoni, Songea au Dar es Salaam, na mhadhiri atamweleza habari za ile pete. Akiwa amefundishwa kwamba imani yake yote inaning'inia kwenye jibu lile la haraka, siku litakapokatika hataacha jibu peke yake.

Jadilini darasani: Mwalimu akisema "hilo silijui" mbele ya vijana, anapoteza nini, nao wanapata nini?