Ndoa Haijengwi kama Ngome

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema:

Limeletwa katika darasa letu swali zito na ndugu zetu wakaao pande za Likoni na Shelly Beach. Wauliza: Mzazi mwenye nasaba na jaha, akitaka kuunganisha nyumba mbili au kuzima uhasama, aweza kumwoza mwanawe kwa ajili hiyo bila ya kuutazama moyo wa mwana? Na mwana akipenda mahali ambapo dini haimruhusu, moyo wake una haki gani? Twajibu kwa mifano miwili, wa kwanza wa mji wetu, na wa pili wa nyumba ya Mtume (S.A.W.).

Asimamaye pwani ya Shelly Beach huona mlango wa bahari wa kuingilia Kilindini, na ng'ambo yake kisiwa cha Mvita. Upande wa pili wa kisiwa hicho ipo ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Sultani Hasan bin Ahmad alikosana na kapiteni wa ngome ile, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf, naye angali mtoto, alichukuliwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akaoa mke Mkristo. Mwaka 1626 akarudishwa Mvita awe mfalme.

Kwa hesabu ya wakubwa wa Goa, mfalme yule alikuwa amefungwa kwa kamba nne: dini, jina, taji na mke. Tarehe 16 Agosti 1631 kamba zote zilikatika. Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapiteni Pedro Leitão de Gamboa, akarejea katika Uislamu. Wakauawa Wareno na Waafrika waliobatizwa, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata alitoka Mvita, na mwaka 1638 akafa mbali na mji wa baba yake.

Hatusemi kuwa kuteswa kwa Yusuf kwahalalisha damu ya wasiokuwa na silaha. Dini yetu haimlazimishi mtu kuamini, na katika vita yakataza kuua wanawake na watoto. Tusemalo ni kwamba aliyenyang'anywa hiari akiwa mtoto hakuwaachia wenzake hiari alipopata nguvu. Na yule mke je? Habari za mizinga na kuta zimeandikwa kwa wingi, na za kwake ni chache mno. Ndivyo iwavyo kila ndoa inapofanywa chombo cha siasa.

Sasa na tutazame nyumba ya Mtume. Binti yake Zainab aliolewa na Abul-Aas bin Rabii, mwana wa khalati yake, kabla ya Utume. Zainab akasilimu, mumewe akabaki katika dini ya watu wake. Makureshi walimtaka amwache mkewe, wakamwahidi mwanamke yeyote amtakaye, naye akakataa. Katika vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, alitekwa. Zainab akapeleka kidani alichopewa na mamake, Bibi Khadija, kiwe fidia. Mtume alipokiona aliingiwa na huruma kubwa, akawaomba masahaba wake, wakamwachilia mateka na kidani kikarudishwa. Lakini sharti lilikuwa Zainab aende Madina, na Abul-Aas akaitimiza ahadi yake.

Hapa pana mafunzo. Dini iliwatenga wawili hao, wala haikuwatukana. Zainab hakuambiwa kuwa mapenzi yake ni aibu, wala hakuozwa mume mwingine ili asahau. Miaka ilipopita Abul-Aas alikimbilia kwake usiku, naye akatangaza msikitini kuwa amempa amani; Mtume akaitambua amani ile. Abul-Aas akarudi Makka, akamrudishia kila mtu mali yake, kisha ndipo akasilimu, asije akadhaniwa kuwa amesilimu ili ale amana za watu. Wakakutana tena kwa halali.

Basi jibu letu ni hili. Apendaye asikoruhusiwa ana wajibu wa kuusimamisha mpaka wa Mwenyezi Mungu, na jamaa zake wana wajibu wa kumhurumia katika subira yake. Matusi na kufungiwa ndani si katika dini.

Ama mzazi, ni kweli kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamempa baba na babu uwezo wa kumwoza bikira. Lakini wameshartisha kuwa mume awe kufu yake, na pasiwe na uadui wa dhahiri, na wakasema kumtaka shauri ni sunna. Vipi basi tuushike uwezo na tuiache sunna? Na Khansaa binti Khidam, aliyekwisha kuolewa kabla, alipoozwa na babake kwa nguvu, Mtume aliivunja ndoa ile.

Walii ni mlinzi wa amana, si mwenye mali. Atakaye kusuluhisha nyumba mbili na aende kwa wazee wenziwe, wakae, wasameheane. Asimtume binti yake akalipe deni ambalo hakulikopa. Na siku ya posa amwulize yeye mwenyewe, faraghani, kwa upole, kabla neno halijatolewa kwa watu. Kwani swali liulizwalo baada ya mahari kupokewa si swali tena.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote.