Nyota nane

"Yaya, hauniamini?" Mhasibu wa ushirika wetu aliniuliza hivyo tukisubiri mtumbwi kando ya Lualaba. Nilikuwa nimemfungia safu ya maneno ya siri katika jedwali la wanachama. Mara ya kwanza niliondoa ruhusa ya safu ile tu; hifadhidata yetu, PostgreSQL, ikanyamaza, naye akaendelea kuisoma, maana ruhusa ya jedwali zima ilikuwa bado mkononi mwake. Ikabidi nimnyang'anye jedwali lote, kisha nimrudishie safu moja moja: jina, simu, salio.

Madrasa ilinifundisha amana. Mtume alipohama Makka mwaka 622, alimwacha Ali arudishe mali alizowekewa na watu. Uaminifu wake ulijulikana kwa kuwa mkono uliweza kuchukua na haukuchukua. Asiyeweza kuiba, tutamwitaje mwaminifu? Huyu mdogo wangu nimemnyima hata nafasi ya kuwa mwema.

Lakini mwanachama wetu, mama muuza samaki, hakuleta neno lake la siri ili mimi nipimie moyo wa mhasibu. Huenda neno lilelile ndilo linalofungua pesa zake za simu.

Na mimi? Mwonekano wa pg_roles hunionyesha nyota nane tu, mahali pa neno la siri la kila mtumiaji wa hifadhidata. Ila jedwali lenyewe, pg_authid, hunifungukia, kwa sababu msimamizi mkuu hapimwi ruhusa. Yaliyomo yamesagwa, sawa, lakini kuyabadilisha naweza usiku wowote jenereta ikiwaka.

Sikumjibu. Mtumbwi ulipofika, nilimpa begi la kompyuta anishikie nipande.