BARAKA YA PIKIPIKI SITA

Jumapili moja ya mwezi wa Mei, Misa ya pili ilipokwisha, vijana sita waliziegesha pikipiki zao chini ya mwembe ulio mbele ya nyumba ya mapadre hapa Mwanza, wakabisha hodi. Twawajua tangu walipokuwa wakitumikia altareni. Siku hizi wawili kati yao ni waendesha bodaboda, mmoja ni seremala, mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mmoja auza dagaa sokoni, na wa sita, aliye mkubwa wao, ana karakana ndogo ya kuchomelea vyuma. Huyo ndiye aliyesema kwa niaba ya wote: "Padre, tumekuja kuomba baraka. Tunakwenda Namugongo."

Tulifurahi, wala hatutaki msomaji adhani vingine kwa ajili ya haya tutakayoyasema mbele. Vijana waliotumia jioni zao za miezi minne kupanga safari ya kwenda kusali, wakaweka akiba kila juma kwa mweka hazina wao, si vijana wa kulaumiwa. Wako wazee wasemao kwamba pikipiki ni chombo cha wahuni. Sisi hatusemi hivyo. Ni katekista gani leo awezaye kuzifikia vigango vyake vyote bila hiyo, na ni wagonjwa wangapi wa vijijini waliofika zahanati wakiwa hai kwa sababu ya jirani mwenye pikipiki?

Njia yao ni hii. Kutoka Mwanza watavuka ghuba kwa daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni mwaka 2025, mahali ambapo zamani msafiri alingoja kivuko hata jua likamchwea. Kisha Sengerema, Geita, Bwanga, Biharamulo na Muleba, mpaka Bukoba, ambako watalala, wakasali penye kaburi la Kardinali Laurean Rugambwa katika Kanisa Kuu. Kesho yake watapita Kyaka, penye mto Kagera, ambako daraja lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Watavuka mpaka pale Mutukula, wapite Masaka, wauvuke mstari wa ikweta pale Kayabwe, hata Kampala na Namugongo, mahali ambapo Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni mwaka 1886. Ni zaidi ya kilomita 700, kwenda tu.

Walikuwa na kila kitu, au ndivyo tulivyodhani. Walituonyesha pasipoti, vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, bima inayokubaliwa ng'ambo ya mpaka, tyubu za akiba, viraka na gundi, pampu ya mkono, plagi mbili, waya wa klachi, na spana zilizofungwa vizuri katika kitambaa. Mwalimu alikuwa ameyaandika yote katika daftari kwa mwandiko wa kupendeza. Kilichobaki, walisema, ni maji ya baraka.

Tukatoka nao mpaka chini ya mwembe, kitabu cha ibada mkononi. Sala ya zamani ya Kanisa ya kubariki chombo cha safari ina jambo limpendezalo Mwafrika: yamtaja mbele ya Mungu yule Mwethiopia aliyeketi garini mwake akisoma Maandiko, na Filipo shemasi aliyetumwa kwake njiani. Kanisa la Roma linapowaombea wasafiri wa dunia nzima, lakumbuka msafiri wa bara letu. Lakini tulipoufungua ukurasa tukakumbuka pia namna Filipo alivyoanza. Hakuanza kwa maji. Alikimbia kando ya gari, akamwuliza yule mtu swali. Maji yalikuja baadaye.

Basi nasi tukauliza. Tulimwambia mkubwa wao, "Breki zako je?" Akajibu, "Ziko sawa, Padre." Na wenzake watano wakatazama chini.

Tuliinama tukaikanyagisha breki ya nyuma kwa mkono. Ikashuka mpaka mwisho, kama mguu uliotumbukia matopeni. Tairi la mbele lilikuwa kipara. Tukainua macho, na seremala akasema kwa sauti ya chini, "Tulijua tangu Pasaka, Padre." Kwa nini hawakumwambia? Akaona shida kujibu. "Ni kaka yetu. Safari hii ni wazo lake. Na fedha aliyokuwa ameiweka kwa matengenezo, alimlipia huyu pasipoti." Akamwonyesha yule muuza dagaa, naye akageuka upande, asionekane uso.

Mkubwa wao alinyamaza kitambo. Kisha akawauliza wenzake, wala si kwa hasira, "Tangu Pasaka?"

Neno hilo moja limetukaa moyoni majuma haya yote, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Maana hapa hapakuwa na mtu mbaya. Mmoja aliificha hali ya breki zake kwa sababu ya ukarimu, ili mwenzake asiachwe. Watano walinyamaza kwa sababu ya heshima, ili wasimwaibishe aliyewatendea mema. Wazee wetu walisema, akipenda, chongo huita kengeza. Nao walisema kweli. Lakini chongo la breki halikubali kuitwa kengeza. Pikipiki iendayo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika nukta moja. Mbuzi akirukia njiani pale Muleba, mwendeshaji akachelewa nukta mbili tu kushtuka, mita 44 zimekwisha kwenda kabla mguu haujaigusa breki. Na mguu ukiigusa, usikute kitu?

Hapa yatupasa kuungama jambo letu wenyewe, ili msomaji asidhani kwamba twasema kutoka mahali pa juu. Katika parokia ya kwanza tuliyotumwa baada ya kutoka seminari kuu, katekista wa kigango kimoja cha mbali alituletea pikipiki, kuukuu kidogo, lakini yeye aliiona kama farasi wa mfalme. Akaomba ibarikiwe. Tulikuwa na haraka ya kwenda kusomea Misa mahali pengine. Tuliliona tairi la mbele. Twasema tena: tuliliona, nalo halikuwa na hata mstari mmoja. Tukaisoma sala, tukanyunyiza maji, na matone yakatiririka juu ya mpira ule laini kama juu ya sahani. Tukapiga picha pamoja naye, tukaenda zetu. Mvua za kwanza zilipokuja, katika mteremko wa changarawe, tairi lile likateleza. Aliacha mke na watoto wanne. Na ibada ya mazishi tuliisoma sisi.

Hatusemi kwamba Mungu hakuisikia sala yetu siku ile. Twasema kwamba alikuwa amekwisha kutujibu kabla hatujaomba, alipotupa macho ya kuliona tairi.

Katika Injili, ni nani aliyemshauri Bwana wetu Yezu Kristu ajitupe kutoka juu ya kinara cha Hekalu, kwa kuwa malaika watamchukua mikononi? Alikuwa Shetani, na maneno hayo aliyatoa katika Zaburi. Kweli ni Neno la Mungu, kweli malaika walinzi wapo, kweli Baba hutulinda. Lakini Bwana wetu alikataa, akamjibu ya kwamba Mungu hajaribiwi. Yeye apandaye pikipiki isiyo na breki akiwa na rozari shingoni amesimama juu ya kinara kile kile. Na padre aibarikiye pikipiki hiyo huku akijua, yeye amesimama wapi?

Tazameni sasa namna alivyofanya mzee Tobiti alipomtuma mwanawe Tobia safari ndefu ya Media. Kijana alipomleta mwenzi wa njiani, mzee yule kipofu hakusema tu, "Nendeni kwa heri." Alimwuliza mgeni ukoo wake na kabila lake, wakapatana ujira wa kila siku, ndipo mwishowe akawabariki. Mgeni mwenyewe alikuwa Malaika Rafaeli! Hata hivyo malaika hakuchukizwa kuulizwa. Alijibu kwa upole, kama mtu ajuaye kwamba mzazi ana haki ya kuuliza. Mama yake Tobia alilia, mbwa akawafuata, wakaenda. Safari ya Tobia ilikuwa na ulinzi wa mbinguni kuliko safari yo yote tunayoijua, nayo ilianza kwa maswali ya baba.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapoichambua fadhila ya busara, anahesabu ndani yake kuona mbele, na hadhari, na pia utayari wa kufundishwa na wengine. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa mwanamume, hasa aliye mkubwa wa kundi. Lakini twaona kwamba gumu zaidi ni la upande wa pili: kukubali kuwa mfundishaji wa rafiki yako. Bwana wetu alituagiza tukimwona ndugu amekosa, twende kwake tumwambie, mimi na yeye peke yetu. Wakristu wengi hudhani agizo hilo ni la ulevi na uzinzi tu. Twawaambia ni la matairi pia. Kama seremala angekwenda karakanani Jumatatu ya Pasaka, jioni, watu wakiwa wameondoka, akasema, "Kaka, breki zako zimekwisha, tuchange," aibu ingalikuwa ya watu wawili, nayo ingalikwisha kwa chai.

Mtu asiseme kwamba padre amejifanya fundi au askari wa barabarani. Mwaka 2007 ofisi ya Vatikano iliyokuwa ikiwahudumia wahamiaji na wasafiri ilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, na ndani yake mna amri kumi kwa wenye kuendesha vyombo. Ya kwanza ni ile ile ya Sinai, ya kutoua. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba watu 1,190,000 hivi hufa kila mwaka barabarani, na kwamba hakuna kitu kiwauacho watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi walikuta kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kati ya vijana wetu sita, wanne walikuwa na kofia zenye kamba ya kufunga kidevuni. Wawili walikuwa na kofia za kumridhisha askari. (Juu ya wale wabebao abiria watatu nyuma, "mishikaki" kama wanavyoitwa mitaani, tutasema siku nyingine, maana hasira ingeharibu ukurasa huu.)

Jambo moja zaidi tuliwauliza: nani atakwenda mbele, na nani nyuma? Wakacheka. Walikuwa wamekwisha kupatana kwamba mwenye pikipiki yenye nguvu aongoze, na atakayechelewa atawakuta Bukoba. Tukawakumbusha Yozefu na Maria, waliokwenda mwendo wa siku nzima wakidhani Mtoto yumo msafarani. Hawakuwa wazembe, kila mmoja wa msafara aliwaza kwamba Mtoto yuko na mwingine. Ikawagharimu siku tatu za uchungu. Kundi la watu wapendanao laweza kumpoteza mtu kwa urahisi kuliko kundi la wageni, kwa sababu wapendanao hudhaniana. Basi mwalimu akachukua kalamu, akaandika upya: mwenye pikipiki dhaifu atatangulia, na wengine watafuata mwendo wake; mwenye spana atakuwa wa mwisho daima; penye kila njia panda watasimama na kuhesabu mpaka sita; hakuna kwenda baada ya jua kuchwa, hata kama Bukoba imebaki kilomita kumi.

Na wazazi, na ninyi wake za vijana, mbona mmewaachia mapadre maswali haya? Mmoja wa wale waendesha bodaboda bado alipa deni la pikipiki yake, na mkewe ni mja mzito wa miezi minane. Tulipomwuliza kama mkewe amekubali, alisema amemwaga. Kuaga si kuuliza. Tumemtuma nyumbani akaulize.

Siku ile hatukubariki kitu. Tulikifunga kitabu, tukawaambia warudi Jumamosi ya juma la pili, saa kumi alasiri. Tuliogopa kwamba watachukizwa, wakatafute padre mwingine mwenye haraka, kama sisi tulivyokuwa zamani. Mkubwa wao aliishika pikipiki yake, akaanza kuisukuma kuelekea barabarani, maana hakutaka kuipanda tena mbele yetu. Muuza dagaa akashuka katika yake, akaisukuma pia. Kisha seremala, kisha mwalimu, hata wakawa wote sita, wakienda kwa miguu katika jua la saa sita, na watu waliokuwa wakitoka kanisani wakashangaa, wakauliza kama petroli imekwisha mjini.

Tangu siku ile tumepata habari mbili. Breki na tairi vimenunuliwa kwa mchango wa watano. Mkubwa alikataa mara mbili, akakubali mara ya tatu. Na yule wa bodaboda amejibiwa na mkewe: hapana, si mwaka huu. Kofia yake, nayo ni mojawapo ya zile nzuri, ameiazima mwenzake. Watakuwa watano. Maji ya baraka tumeyaweka mezani, na karibu yake kiko kipimo cha upepo wa matairi tulichokiazima kwa dereva wa jimbo.