Sitara Inaishia Wapi?

Kiapo cha kale cha matabibu, kile kinachohusishwa na Hippocrates wa Ugiriki, kina sharti la kunyamazia siri ambazo tabibu atazipata kazini. Msusi haapishwi. Anafungua mlango, anawasha draya kama stima ipo, anavuta kiti, na kuanzia hapo kichwa cha mtu kiko mikononi mwake kwa saa mbili au saa sita, kutegemea mtindo. Mimi hapa Muyeye kiapo sina, lakini siri ninazo. Swali linalonisumbua ni hili: zipi nina haki ya kuzinyamazia?

Siri hunifikia kwa njia mbili. Za kwanza huja kwa sikio. Mtu anayekupa kisogo husema mambo ambayo hangeyasema mkitazamana. Utasikia nani kaachwa, nani anadaiwa, nani hajalipwa hotelini tangu wageni wapungue. Hizo hazinipi shida, zikiingia zinabaki. Muyeye tunajuana, neno likitoka saluni asubuhi, adhuhuri limeshafika mjini bila kupanda tuktuk.

Za pili huja kwa vidole, na hizo mwenyewe hakuniambia. Nikifumua rasta za wiki nane ndipo ngozi inajitokeza: nywele zilizorudi nyuma kwenye paji kwa kuvutwa miaka na miaka, kovu, uvimbe, mapunye. Pengine hata mwenye kichwa hajui.

Sisi watu wa pwani tumelelewa kusitiriana. Ukiiona aibu ya mwenzio unaifunika, nawe kesho utafunikiwa yako. Ni adabu nzuri na ninaishika. Ila kwenye kiti changu kuna siku inakwama.

Chukua mapunye. Shule zinakaribia kufunguliwa, benchi limejaa, mama kamleta binti wa miaka sita. Nagawanya nywele, naona viduara vilivyonyonyoka, vina magamba meupe. Mapunye yanaambukiza. Chanuo likitoka kichwa hiki likaingia kile, limehama nayo. Nikinyamaza nikasuka, nimemsitiri mama, nimepata shilingi 300 zangu, na aliyelipa ni mtoto wa tatu kwenye benchi ambaye hana habari. Nikisema kwa sauti, huyu mdogo atataniwa mpaka amalize shule.

Kwa hiyo namwita mama nje, kama mtu anayetafuta chenji. "Mamangu, mpeleke zahanati kwanza. Hii mara nyingi inataka dawa ya kumeza, ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina la unywele. Akipona mlete nimsuke." Kuna anayeshukuru. Kuna anayesonya, akaenda saluni ya pili, na huko akasukiwa. Mimi nabaki kuosha chanuo na kulichovya kwenye maji ya Jik, na 300 sina.

Shoga yangu, naye msusi, hunicheka: "Kwani umekuwa daktari lini? Mteja kalipia mistari, mpe mistari." Hoja yake si nyepesi. Mei na Juni, wageni wakiwa wameondoka Malindi, 300 ni unga na mboga. Na ni kweli, magonjwa sikuyasomea. Lakini fundi wa pikipiki akiona breki imekatika, hawezi kukupakia rangi akakuacha uende zako eti kwa sababu ulikuja kupaka rangi. Hahitaji kuwa polisi wa barabarani. Kaona, basi.

Iko siri ya vidole iliyo nzito zaidi: donge nyuma ya sikio, nywele zilizong'olewa kwa mkupuo. Hapa mteja anayefuata hana hatari yoyote. Anayeumia ni mwenye siri mwenyewe, na ni mtu mzima. Nikiitangaza, hata kwa nia njema, huenda nikamrudisha kwa aliyempiga, safari hii akiwa na hasira mpya.

Jimbo la Illinois, Marekani, lilikutana na swali hili likatunga sheria iliyoanza kutumika 2017. Wasusi wanapewa mafunzo ya saa moja kuhusu ukatili wa majumbani, waweze kuutambua na kumwelekeza mtu pa kupata msaada. Haiwalazimishi kuripoti. Naona walifikiri vizuri: siri ikabaki yake, ila asibaki nayo peke yake.

Basi nami huinama nikauliza polepole, "Dada, nikishika hapa nakuumiza?" Akitaka kusema, mlango nimeufungua. Asipotaka, namtajia 1195, namba ya bure hapa Kenya ya kusaidia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Naitaja mara moja, kisha tunarudi kwenye mistari. Uamuzi ni wake.

Kwangu mpaka uko hapo. Aibu ya mtu naifunika. Hatari inayomwendea mwingine siifunики. Na jeraha la mtu mzima halinihusu kulitangaza, ila siwezi kujifanya sijaligusa.

Ukitaka kujua kama kunyamaza kwako ni sitara, angalia nani anafaidika. Msusi anayenyamaza ili asikose 300 hajamsitiri mtu yeyote. Kajisitiri mwenyewe.