Ahadi ni Deni

Jumamosi ya Oktoba 20, 1973, Rais Richard Nixon wa Marekani alimwagiza Mwanasheria Mkuu wake, Elliot Richardson, amfukuze kazi Archibald Cox, mwendesha mashtaka maalumu aliyekuwa akichunguza kashfa ya Watergate. Aliyempa Richardson cheo ni Nixon huyohuyo. Lakini Richardson alikwisha kuliahidi Baraza la Seneti kwamba hatamwingilia Cox. Akajiuzulu. Naibu wake naye akakataa, akaondoka.

Kumtii mkubwa ni adabu ya kazi, ila adabu hiyo ina mpaka. Siku anapokutaka uvunje neno ulilowapa watu, cheo kinakudai kuliko kinavyokulipa. Kiti kitampata mwingine wa kukikalia. Jina lako utalibeba mwenyewe.