Kuhama Kwao na Kukataa Kwao

Wahenga wametuachia usemi kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Kwa miaka mingi niliutamka usemi huo mbele ya wanachuo wa ualimu bila kuupima uzito wake. Sasa nimestaafu, umri umevuka sabini, na nafasi ya kukaa barazani ninayo. Hapo ndipo ninapojiuliza jambo ambalo sikujiuliza nilipokuwa na chaki mkononi: je, kila ahamaye kwao amekataa kwao? Swali hili halikunianzia kijijini nilikozaliwa. Lilinianzia Bulgaria, nchi niliyosomea Jiografia katika miaka ya sabini.

Bulgaria ni nchi ya kilomita za mraba zipatazo 111,000 tu. Kaskazini imepakana na mto Danube, mashariki na Bahari Nyeusi, na katikati imekatwa kutoka magharibi hadi mashariki na safu ya milima iitwayo Stara Planina. Chini ya safu hiyo, upande wa kusini, lipo bonde la mji wa Kazanlak. Huko mawaridi huchumwa alfajiri mwezi wa Mei na Juni, kabla jua halijayanyang'anya mafuta yake. Katika mikunjo ya milima hiyo na tambarare zake imetawanyika miji midogo na vijiji zaidi ya 5,000. Wala hesabu ya watu siyo inayoamua lipi ni kijiji na lipi ni mji. Melnik, kule kusini-magharibi chini ya milima ya Pirin, huitwa mji hadi leo, ingawa wakazi wake hawafiki hata idadi ya wanafunzi wa shule moja ya msingi ya kwetu. Zamani walikuwa maelfu.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja alinichukua likizo moja hadi kwao, kijiji kilichojibana katika bonde la Stara Planina. Mama yake alitupokea mlangoni kwa mkate na chumvi, kama ilivyo desturi yao kwa mgeni. Nilipokuwa nikipita njiani niliona karatasi zenye picha za watu zimebandikwa milangoni na kwenye miti, nikamwuliza rafiki yangu kama kulikuwa na uchaguzi. Alicheka sana. Kisha akanieleza kwamba hao walikuwa marehemu. Kwao, mtu akifa, picha yake hubandikwa kwenye lango la nyumba yake, na hubandikwa upya arobaini inapotimia, mwaka unapotimia, na miaka mingi baadaye. Aidha, kando ya njia nilikunywa maji katika bomba la mawe ambalo watu walilijenga kwa kumkumbuka marehemu wao, ili kila mpita njia akate kiu. Nilifikiri juu ya sadaka ya maji ya Waislamu wa pwani yetu, nikajiona siko mbali na nyumbani.

Kijijini hapo palikuwa pia na nyumba ya kusomea, waiitayo chitalishte. Nyumba hizo zilianza mwaka 1856, Wabulgaria wakiwa bado chini ya utawala wa Waturuki, na zikaenea hadi vijiji vidogo kabisa. Watu walichangia kwa mikono yao wapate vitabu, maigizo na mahali pa kukutania. Mimi, mwalimu mtarajiwa, niliipenda nyumba ile kuliko kitu kingine chochote kijijini. Sikutambua wakati huo kwamba mlango anaoingilia msomaji ndio huohuo anaotokea kwenda mbali.

Ndugu msomaji, vijiji hufa kwa njia mbalimbali. Vingine huuawa na maji: katika miaka ya sitini, bwawa la Zhrebchevo lilikifunika kijiji cha Zapalnya, na kanisa lake limebaki kuta tupu, maji yakipungua watu huingia ndani kwa miguu. Vingine huuawa na amri: mwaka 1989, baada ya serikali kuwalazimisha Waturuki wa Bulgaria kubadili majina yao, zaidi ya 300,000 walivuka mpaka kuingia Uturuki, ingawa wengi walirudi baadaye. Katika misiba hiyo mkosaji anaweza kutafutwa na kuulizwa.

Lakini njia ya tatu ni ya polepole, na haina mshtakiwa. Kijana mmoja huenda kiwandani, mwingine chuoni, mwingine Ujerumani. Kila mmoja ana sababu ya haki. Katikati ya miaka ya themanini Bulgaria ilikuwa na watu karibu milioni 9. Sensa ya mwaka 2021 ilikuta milioni 6.5. Vijiji zaidi ya mia moja havina mkazi hata mmoja. Kila mtu amefanya lililo sawa, na kijiji kimekufa. Tumlaumu nani?

Wapo wasemao kwamba wote walioondoka ni wakosaji. Mimi sikubali. Kumfunga mtu mahali kwa sababu tu kitovu chake kimezikwa hapo ni utumwa wa namna nyingine. Walakini siwezi pia kusema kwamba hakuna deni lolote. Katika Kibulgaria, neno selyanin lina maana ya mtu wa kijijini, na watu wa mjini hulitumia kama tusi. Sisi nasi tuna neno mshamba. Mataifa mawili yaliyolishwa na jembe yameligeuza jembe kuwa fedheha! Kukataa kwao huanzia hapo, katika ulimi, kabla mguu haujanyanyuka. Mtu anaweza kukataa kwao na bado analala hapohapo.

Na hapa yanibidi nikiri kosa langu. Nilipokuwa mkuu wa chuo, kijana mmoja hodari aliniomba nimsaidie apangiwe shule ya kijijini kwao. Nilimjibu mbele ya wenzake: "Kusoma kote huku, unataka kurudi porini?" Wenzake walicheka, naye akainamisha kichwa. Alikwenda mjini na amefanikiwa. Kila tukikutana hunishukuru, akiniita baba, na shukrani zake hunichoma. Sikumshauri tu, nilimwonesha kwamba kwao ni mahali pa kuonea haya. Hiari yake niliinyang'anya kwa kicheko.

Rafiki yangu wa Bulgaria naye hakurudi kuishi kwao. Baada ya miaka mingi aliniandikia kwamba mama yake amefariki na nyumba imefungwa. Kila mwaka hupanda mlimani kubandika upya picha ya mama langoni na kuondoa majani yaliyoziba bomba la maji, ijapokuwa wapita njia wamekuwa wachache mno. Kijiji hakitafufuka kwa karatasi wala kwa bomba. Hata hivyo, siwezi kumwita mtu huyo mkataa kwao. Amehama tu.

Basi nawasihi walimu wenzangu mlio bado kazini: mwacheni mtoto aende popote akili yake itakapomfikisha. Lakini anayetaka kurudi kwao, msimcheke.