Muuzaji Anayejua na Mnunuzi Asiyejua la Kuuliza

ThinkPad T480 na T480s zote ni za Lenovo, zote za mwaka 2018, na zikiwa zimefungwa tofauti yake ni wembamba kidogo na herufi moja. Ukifungua mfuniko wa chini unakuta mambo mengine kabisa. T480 ina matundu mawili ya RAM na nafasi ya diski ya inchi 2.5. T480s ina tundu moja tu, RAM nyingine imechomelewa kwenye bodi, na diski ya inchi 2.5 haina pa kukaa.

Mwalimu anayetafuta kompyuta ya mtumba Kashaulili, hapo Manispaa ya Mpanda, hawezi kuyaona hayo kwa macho. Anauliza bei, anauliza betri inakaa muda gani, analipa. Nyumbani ana SSD ya inchi 2.5 aliyoitoa kwenye mashine yake ya zamani, na mafaili yake yote yamo humo. Muuzaji akimwambia "itaingia" huku akijua haiingii, huo ni uongo na mjadala umekwisha. Ugumu upo pale ambapo mwalimu hakuuliza na muuzaji hakusema. Je, amedhulumiwa?

Swali hili lilimshughulisha Cicero, mwanafalsafa wa Kirumi, mwaka 44 kabla ya Kristo, katika kitabu chake cha wajibu. Alitoa mfano wa mfanyabiashara anayepeleka nafaka kutoka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes chenye njaa, naye anajua kuwa meli nyingine zenye nafaka ziko njiani. Awaambie wanunuzi, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Mwanafalsafa Diogenes wa Babeli aliona kwamba muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, na mengine si lazima ayaseme. Mwanafunzi wake Antipater alikataa: mnunuzi asifichwe lolote ambalo muuzaji analijua. Cicero alisimama na Antipater.

Waislamu wana kisa kinacholigusa jambo hili kwa karibu zaidi, katika Sahihi Muslim. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita kwa muuza chakula sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo, vidole vikakutana na unyevu. Muuzaji akaeleza kuwa kililowa mvua. Akaulizwa kwa nini kile kilicholowa hakukiweka juu watu wakakiona. Tuangalie vizuri: kisa hakisemi kwamba muuzaji yule alidanganya kwa mdomo, wala kwamba kuna mteja aliyemuuliza. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa rundo. Ndiyo maana fikihi inampa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kitu akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya kununua.

Unyevu wa kompyuta umejificha zaidi. Chukua SSD ndogo za M.2, zile nyembamba zinazofanana na kipande cha ubani. Za aina ya SATA mara nyingi zina mapengo mawili kwenye meno yake ya dhahabu. Za aina ya NVMe kwa kawaida zina moja. Zipo kompyuta ambazo tundu lake linapokea zote mbili, skrubu inakaza vizuri, lakini bodi inaitambua aina moja tu. Mteja anawasha, diski haisomi. Kuibadilisha akiwa Mpanda, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kariakoo, ni nauli ya mzigo na siku za kusubiri.

Wapo wanaoutetea ukimya, na hoja yao ina uzito: fundi amejifunza kwa miaka, maarifa yake ndiyo mtaji. Sawa, basi atoze ukaguzi na atoze ufungaji. Kulipwa kwa anachokijua ni haki yake. Kufaidika na asichokijua mwenzake ni jambo jingine.

Hata hivyo, si kila tofauti ni hila. Diski ya GB 500 inaposomeka 465 kwenye Windows hakuna aliyeibiwa: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024, na baiti bilioni 500 zote zimo. Ila zipo flashi zinazojitangaza kuwa na TB 2 ilhali zinabeba sehemu ndogo mno ya hizo, zikijaa zinaharibu mafaili. Hayo ndiyo mawe mawili tofauti ya kupimia katika mfuko mmoja yanayokatazwa katika Kumbukumbu la Torati 25.

Mara nyingine muuzaji mwenyewe hajui. Mzigo umekuja na stika tu. Hapo wajibu wake ni kukiri hajui, kisha achukue bisibisi afungue mbele ya mteja, wasome pamoja namba ya modeli na kuhesabu matundu. Mnunuzi naye aseme mapema anataka kuifanyia nini mashine hiyo, kwa sababu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania inamlinda zaidi aliyemweleza muuzaji haja yake na kutegemea ujuzi wake. Maelezo hayo yaandikwe kwenye risiti: modeli, aina ya diski, ukubwa wake.